Zabibu za Kwetu, Ulimi wa Wengine

Juma hili naomba radhi mapema, kwa kuwa nitazungumza juu ya pombe. Wale ambao dini au afya haiwaruhusu kuionja hawatapungukiwa na kitu, maana habari yenyewe si ya ulevi. Ni habari ya shamba, ya bei, na ya kipande cha historia ya nchi yetu ambacho tumezoea kukipita kama tunavyopita kibao cha barabarani bila kukisoma.

Agosti mwaka 2024 nilitoka nyumbani Ilembo, hapa Mpanda mjini, nikapanda basi la alfajiri kupitia Inyonga, Sikonge na Tabora, hadi Dodoma. Nilikwenda kuripoti Maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya Nzuguni, ambako mwaka ule yalifanyika kitaifa. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeorodhesha mambo ya kuyafuatilia: mbegu za alizeti, mashine za kukoboa mpunga, chanjo za mifugo, mizinga ya kisasa. Mvinyo haukuwamo. Lakini jua la Dodoma la saa nane mchana halina huruma, nami nikajiingiza katika banda la kwanza lililokuwa na kivuli na viti. Kumbe ni banda la mvinyo.

Binti aliyekuwa nyuma ya meza akanikaribisha kwa adabu. "Shikamoo baba. Nikuanzishie mweupe au mwekundu?"

Nikaitikia marahaba, kisha nikanyamaza. Msomaji, mimi ni mtu ambaye riziki yake ni maneno. Nimekaa mbele ya kipaza sauti zaidi ya miaka ishirini. Lakini pale sikuwa na jibu, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba sikujua tofauti ya mweupe na mwekundu ila kwa macho. Ya pili ndiyo iliyonifanya nitazame chini. Mwaka 2004, nikiwa kijana mwenye stashahada mbichi ya uandishi wa habari na kiburi cha kutosha, niliwahi kusema hewani kwamba mvinyo wa Dodoma unafaa kung'arishia sufuria. Studio nzima ilicheka. Wasikilizaji walipiga simu wakicheka. Mzaha ule niliurudia miaka mingi, kila nilipotaka kuchangamsha kipindi. Na wakati wote huo nilikuwa sijawahi kuuonja mvinyo wenyewe hata tone moja.

"Nianzishie wowote, mwanangu," nikamwambia.

Akaanza na mweupe. Ulikuwa wa baridi, rangi yake kama majani makavu, harufu yake ikinikumbusha embe bichi lililokatwa sasa hivi. Mdomoni ulikuwa na ukali mzuri unaofanana na wa ukwaju. Kisha akanipa mwekundu, usiotiwa sukari. Huo ulinishtua. Ulimi wangu ulikauka kama wa mtu aliyeuma ndizi mbichi. Binti akacheka kidogo, akanieleza kwamba ule ukakasi ndio alama ya mwekundu. Zabibu nyingi nyekundu, alisema, zina maji meupe ndani. Rangi iko kwenye ganda. Anayetengeneza mvinyo mweupe hukamua zabibu na kuyatenga maji na maganda mapema, ndipo ayaache yachachuke. Anayetengeneza mwekundu huyaacha maji yachachuke pamoja na maganda na kokwa zake, na humo ndimo mnamotoka rangi na ukakasi.

Pembeni palikuwa na ndoo. Binti akasema mwonjaji hasa huonja, akautembeza mvinyo mdomoni, kisha akautema ndani ya ndoo hiyo, ili aonje mingi bila kulewa. Nilikaa pale zaidi ya nusu saa. Ile ndoo ilibaki kavu.

Ndipo akaingia mama mmoja wa makamo, kanga mbili, viatu vyenye vumbi jekundu. Alisema ni mkulima wa zabibu kutoka upande wa Hombolo. Akaomba na yeye aonje. Akapewa ule mwekundu. Akakunja uso, akaushusha, akatulia. Kisha akanywa tena kidogo, polepole, kama mtu anayejaribu kulikumbuka jina la mtu.

"Miaka kumi na minane nauza zabibu," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza naonja zimekuwa kitu gani."

Akauliza bei ya chupa. Akatajiwa. Akauliza chupa moja inatoka katika kilo ngapi za zabibu. Binti akamjibu kwamba ni kilo moja na kidogo. Yule mama akakikunja kidole kimoja, akakitazama kwa muda, kisha akasema neno moja tu: "Kumbe." Akashukuru, akatoka.

Sasa, tuwe waadilifu. Ndani ya bei ile ya chupa mna chupa yenyewe, kizibo, lebo, umeme, matangi, ushuru, usafiri, mishahara, na miezi ya kungoja. Si haki kuigawanya bei ya chupa kwa bei ya kilo na kumwita mwenye kiwanda mwizi. Lakini lile "kumbe" lilinifuata hadi nyumba ya wageni, na usiku ule nikaanza kujiuliza: imekuwaje nchi ikalima zabibu za mvinyo kwa miaka zaidi ya sitini, na mkulima wake akauonja kwa bahati, siku ya maonyesho?

Jibu linaanzia mbali sana, kabla ya Dodoma kuwapo.

Kuna kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani yapata miaka elfu mbili iliyopita, kinachoitwa Periplus, kinachoeleza biashara ya Bahari ya Hindi. Kinataja pwani yetu hii na soko lake la Rhapta. Mwandishi anaorodhesha bidhaa zilizoletwa kuuzwa: mikuki, vishoka, visu, vyombo vya kioo. Kisha anaongeza kwamba mahali pengine wafanyabiashara walikuja pia na mvinyo kidogo na ngano, ambavyo havikuwa vya kuuza. Vilikuwa vya kujipatia urafiki wa wenyeji. Kwa maneno mengine, mvinyo ulipotajwa kwa mara ya kwanza katika maandishi juu ya nchi yetu, ulikuwa ni takrima.

Baadaye wakaja Wareno, kuanzia mwaka 1498 alipopita Vasco da Gama. Kwao ni vinho, nasi tukapata neno mvinyo. Lakini Kiswahili kina neno la pili, divai, na hili linaelekezwa kwenye Kifaransa, du vin. Kaa ukiyatazama maneno haya mawili. La kwanza liliingia kwa mlango wa pwani, mkononi mwa baharia. La pili ndilo linalosikika zaidi kanisani. Hata leo Mkatoliki wa Mpanda husema divai ya misa, na akifika baa huagiza mvinyo, ingawa zabibu ni zile zile.

Hapa historia inabisha hodi nyumbani kwetu Katavi. Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ilianza kuwa kituo cha Wazungu mwaka 1879, pale Kapteni Cambier wa Ubelgiji alipojenga ngome kwa niaba ya jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1885 ngome ile ilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algeria, na wengi wa mapadre hao walikuwa wasemaji wa Kifaransa. Mapadre hao walihitaji divai kila siku ya Mungu. Sheria ya Kanisa haina njia ya mkato katika jambo hili: divai ya misa sharti itokane na tunda la mzabibu, iwe ya asili, na isiwe imeharibika.

Sasa fikiria. Wamefika katika nchi ya miombo, nchi ya Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, watu ambao wamerina asali tangu mababu. Asali ilikuwapo tele, na kinywaji cha asali kilichochachuka kilikuwapo pia, hiki tunachokiita wanzuki. Chumvi ilikuwapo, samaki walikuwapo, nafaka ilikuwapo. Zabibu tu ndizo hazikuwapo. Kwa hiyo kitu kilichohitajiwa juu ya altare kilisafirishwa kutoka ng'ambo, na kutoka pwani kikapanda mabegani mwa wapagazi kwa safari ya miezi. Babu yangu mzaa baba, ambaye alikuwa katekista, alikuwa akitusimulia kwamba utotoni mwake sanduku la divai liliheshimiwa kuliko mgeni. Hakuna mtoto aliyelikaribia. Hivyo ndivyo vizazi vingi bara vilivyoujua mvinyo, kama kitu kilichokuja kimefungwa, kutoka kwa wengine, kwa matumizi ambayo wengine walikuwa wamekwisha yapanga.

Ni haja hiyo hiyo ya altare iliyoleta mzabibu Dodoma. Mapadre wa Kiitaliano waliokuwa na misheni Bihawana, kusini-magharibi mwa mji wa Dodoma, ndio wanaotajwa kuipanda mizabibu ya kwanza iliyozaa matunda ya kueleweka, katika miaka ya 1950. Walipanda ili wapate divai, nao wakagundua jambo ambalo pengine hawakulitarajia: mzabibu uliipenda Dodoma.

Nasema hawakulitarajia kwa sababu Ugogo haukuwa na sifa ya shibe. Wazee wa huko bado wanaitaja Mtunya, njaa kuu iliyofuatia Vita ya Kwanza ya Dunia, kati ya mwaka 1918 na 1920, iliyoua maelfu ya watu baada ya majeshi kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, na mvua kukosekana. Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja, yapata milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, kisha anga hufunga kuanzia Mei hadi Novemba. Kwa mahindi hiyo ni kamari. Kwa mzabibu ni baraka, maana adui mkubwa wa zabibu ni unyevu unaoleta ukungu na kuoza. Mji uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, hivyo usiku hupoa. Udongo wa kichanga haushiki maji. Na kuna jambo moja zaidi. Huko Ulaya mzabibu hulala usingizi wakati wa baridi, ukazaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza. Mkulima akishavuna hupogoa matawi, mti ukaanza upya, na kwa hiyo yuko mkulima anayevuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba. Wafaransa hawana bahati hiyo.

Kutoka misheni mzabibu ukaenda kwenye mashamba ya taasisi na ya wananchi. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na zabibu zikawa alama ya mji. Huko Makutupora kikajengwa kituo cha utafiti wa zabibu, ambacho leo kiko chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo ya TARI, na jina la mahali hapo likapewa aina ya zabibu nyekundu ambayo wakulima wengi wanaitegemea hadi leo, Makutupora nyekundu. Kwa mvinyo mweupe, iliyoshika zaidi ni Chenin Blanc, zabibu yenye asili ya Ufaransa. Serikali ikaweka kiwanda cha umma, DOWICO, na mkulima akaambiwa: wewe lima, soko lipo.

Na soko lilikuwapo, mradi kiwanda kiko hai. Hapo ndipo penye fundo la hadithi yote. Zabibu ya mvinyo si mahindi. Huwezi kuitia ghalani ukangoja bei. Ikiiva imeiva, ukichelewa siku chache sukari inabadilika, ndege na nyuki wanaingia, ikianguka ni hasara. Mkulima mwenye zabibu mbivu na mnunuzi mmoja tu hana mdomo wa kujadili bei. Viwanda vya umma vilipoanza kuyumba, kama vilivyoyumba nchi nzima, na hatimaye DOWICO ikafa katika wimbi la miaka ya 1990, mkulima wa Dodoma alibaki na miti inayozaa mara mbili kwa mwaka na mlango wa kiwanda uliofungwa. Wapo waliong'oa mizabibu na kurudi kwenye mtama.

Sisi wa Mpanda tusiwacheke. Mji wetu huu ulikuzwa na madini ya risasi. Reli ya kutoka Kaliua ilifika hapa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi, na mgodi ulipofungwa mwaka 1960 ilibaki reli na watu waliokuwa wamezoea mshahara. Tunajua maana ya mji kumtegemea mnunuzi mmoja.

Miaka ya 2000 zabibu ilifufuka. Wakaja CETAWICO huko Hombolo, kwa mtaji na utaalamu wa Kiitaliano. Wakaja Alko Vintages pale Dodoma, ambao Dompo yao inajulikana hata na wasioijua Dodoma. Kampuni ya Tanzania Distilleries nayo ikawa mnunuzi mkubwa, na jina la Dodoma likaandikwa juu ya chupa zake. Wakajitokeza wasindikaji wadogo wengi, wanaokamua zabibu za wakulima na kuuza kile ambacho Dodoma wanakiita mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ambao haujakamilishwa, kwa wenye viwanda vikubwa. Serikali nayo, kwa miaka mingi, imekuwa ikitoa nafuu ya ushuru kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa hapa nchini, ili kiwanda kione faida ya kununua Hombolo kuliko kuagiza mchuzi kutoka nje.

Hata hivyo kilio hakijaisha. Kila baada ya misimu kadhaa tunasikia habari ile ile: zabibu zimeiva, matangi ya viwanda yamejaa, wanunuzi wamesitasita, mkulima anauza kwa hasara au anaacha zianikwe na jua. Fundo ni lile lile.

Je, wenzetu walilifungua vipi? Tutazame Afrika Kusini, ambao mvinyo wao umejaa kwenye rafu za maduka yetu. Mvinyo wa kwanza wa Rasi ulikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, siku ambayo Jan van Riebeeck aliiandika katika shajara yake. Wana miaka mia tatu mbele ya Bihawana. Lakini hata wao, baada ya karne mbili na nusu, walifika mahali ambapo zabibu zilizidi wanunuzi na bei ikaporomoka. Mwaka 1918 wakulima wakaunda ushirika wao, KWV, uliochukua ziada, ukaigeuza kuwa brandi inayoweza kukaa, na kusimamia bei. Nisifiche upande wa pili: ushirika ule ulikuwa wa wenye ardhi weupe, na vibarua waliochuma zabibu zenyewe walikuwa wakilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, desturi iliyoitwa dop, iliyoharibu familia kizazi hata kizazi. Kwa hiyo fundisho lina ncha mbili. Wakulima wakishikana, wakiwa na matangi yao na uwezo wa kungoja, bei husimama. Lakini kinywaji kikigeuzwa kuwa ujira wa maskini, huwa ni minyororo.

Kuna fundisho la pili, na hili linanihusu mimi na mdomo wangu wa mwaka 2004. Tarehe 24 Mei 1976, mfanyabiashara mmoja Mwingereza aitwaye Steven Spurrier aliwakusanya waonjaji tisa wa Kifaransa mjini Paris, mabingwa wote, akawapa mvinyo mweupe na mwekundu wa Ufaransa pamoja na wa California, bila kuwaonyesha lebo. Wakati ule kila mtu alijua kwamba Marekani haina mvinyo wa maana. Waonjaji walipomaliza, alama zilipojumlishwa, mweupe ulioshinda ulikuwa wa California, na mwekundu ulioshinda ulikuwa wa California. Mabingwa hawakuwa waongo siku ile. Siku zote za nyuma walikuwa wakiionja lebo.

Mimi sikuionja hata lebo. Nilionja uvumi.

Nilirudi Ilembo na chupa mbili za Dodoma, mweupe na mwekundu. Hapa mjini nikanunua chupa mbili za kutoka nje, mweupe na mwekundu pia. Jumamosi jioni nikawaita jirani zangu chini ya mwembe: mwalimu mmoja mstaafu, fundi cherehani, mama mwenye genge la mboga, mke wangu, na mzee mmoja mfuga nyuki ambaye tunamheshimu kama baba. Chupa zote nne nilizifunga kwa kurasa za gazeti hili hili, nikaziandika namba. Wakaonja. Nikawauliza ipi ni bora.

Ningependa kuwaambia kwamba Dodoma ilishinda kama California. Haikuwa hivyo. Kwa mweupe, watatu walichagua wa Dodoma, na mwalimu alikuwa tayari kula kiapo kwamba ni wa Ulaya. Kwa mwekundu, wengi walipenda ule wa nje; ule wetu waliona ukakasi wake umezidi. Mama wa genge alisema yote minne ina ladha ya dawa ya kikohozi, na mbona hatujapata nyama choma. Lakini tazama kilichotokea. Kwa mara ya kwanza watu watano wa Ilembo walikuwa wakibishana juu ya mvinyo wa nchi yao kwa kutumia ndimi zao wenyewe. Fundi cherehani alisema maneno ambayo afisa masoko angeyalipia: "Huu mwekundu wetu si mbaya, ila umekamuliwa na mtu mwenye haraka."

Yule mzee alikuwa kimya. Alionja yote minne kwa heshima, kisha akatoa mfukoni kichupa cha wanzuki wake, akaniwekea kidogo katika bilauri.

"Mwanangu," akasema, "umesema huko Dodoma wanalima wasichokionja. Sisi je? Asali yetu inapandishwa lori kwenye ndoo kila msimu. Nani anaionja huko iendako? Na wakiionja, wanaiita ya wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimeripoti asali ya Katavi mara nyingi mno, tani na ndoo na bei. Sijawahi kuuliza lebo iliyobandikwa mwisho wa safari inasemaje.

Basi neno langu la juma hili ni hili. Zao ambalo mkulima wake halijui mdomoni, na ambalo lina mnunuzi mmoja tu, halina mwenyewe, hata kama shamba lina hati. Periplus ilituonyesha tukipokea mvinyo kama takrima. Misheni zilituonyesha tukiubeba kwenye sanduku lililofungwa. Viwanda vilituonyesha tukiuuza ungali tunda. Kila mara mwenye kusema ni mzuri au mbaya alikuwa mtu mwingine, na anayesema ni mzuri au mbaya ndiye anayepanga bei. Yule mama wa Hombolo alipokunja kidole kimoja na kusema "kumbe", alikuwa ameanza kufanya hesabu ambayo ingefaa kufundishwa katika kila chama cha msingi cha wakulima: kilo inaingia wapi, inatoka ikiwa nini, na nani aliionja katikati.

Si lazima kila mkulima awe mnywaji, la hasha. Wako wanaolima zabibu ambao dini yao inawakataza, na wana haki yao kamili. Kulijua zao si lazima kulinywa. Ni kujua sukari yake ikoje siku ya kuchuma, ni kuwa na tangi la pamoja ili mnunuzi akisitasita wewe uweze kungoja, ni kuketi katika meza ambapo ubora unaamuliwa. Maonyesho ya Nane Nane huja mara moja kwa mwaka. Kiwanda kinachoweza kumwonjesha mgeni kutoka Ilembo bure hakishindwi kumwita mkulima wake siku moja baada ya mavuno, akaonyeshwa zabibu zake zimekuwa nini, na akaambiwa zilipungukiwa na nini.

Ama mimi, nina deni la miaka ishirini. Ile kauli yangu ya mwaka 2004 kuhusu sufuria naifuta leo, hewani na gazetini. Mvinyo mweupe wa Dodoma nimeuonja, ni mzuri. Mwekundu nimeuonja, una ukakasi uliozidi, na nausema hivyo kwa sababu nimeuonja. Mama wa Hombolo, popote ulipo, kama redio yako inafika mbali kiasi hicho, naomba unisamehe.

Hadi juma lijalo, kwa herini.